Tajiri Alipotaka Kuniuzia Lori Langu

Siku tajiri aliponiita ofisini akaniambia niketi, nilijua kuna jambo. Nilikuwa nimemwendeshea lori miaka kumi na miwili, na sikuwa nimewahi kuona kiti cha wageni kikivutwa kwa ajili yangu. Sisi madereva tulizoea kusimama mlangoni, tuseme shida yetu na kwenda zetu. Siku hiyo kiti kilivutwa, chai ikaja, na kando ya chai kulikuwa na mandazi mawili. Mimi si mtu wa kukataa andazi, lakini hayo niliyaacha pale pale sahanini.

"Dereva," akasema, "nauza malori yote ya zamani, naleta mapya. Nikajiambia, badala ya kumuuzia mtu nisiyemjua, kwa nini nisianze na watu wangu? Kila dereva nampa nafasi ya kwanza kwa lori lake mwenyewe. Ukilichukua, mizigo nitakupa mimi, Mombasa mpaka Malaba. Utakuwa umejiajiri, hutaamka kwa amri ya mtu tena."

Nikasema asante mzee, nitafikiria. Nilikunywa nusu ya chai, nikatoka.

Yadi yetu iko Baba Dogo na mimi nakaa Lucky Summer, kwa hivyo nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima machale yananicheza. Tangu lini mwenye mali akamtangulia maskini na wema? Wahenga hawakuwa wajinga waliposema maskini na mwanawe, tajiri na mali yake. Nikahesabu sababu zake kwa vidole. Labda anataka kukwepa bima. Labda anataka mizigo yake ibebwe na tairi zangu. Mwaka ule niliougua nimonia nikiwa Malaba, kampuni ndiyo iliyolipa hospitali, na mshahara ukaja mwisho wa mwezi kama kawaida. Nikijiajiri nikaugua, atalipa nani? Kila nilipompata na kosa moja nilijisikia vizuri kidogo, nikatafuta lingine.

Nilipofika nyumbani nikakuta mke wangu ameshapata habari. Yeye hushona sare za shule, cherehani yake iko barazani, na wateja wake humletea kila neno la mtaa pamoja na vitambaa. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Umesemaje?" akaniuliza.

"Nimesemaje kuhusu nini?"

"Kuhusu lori, baba watoto. Usinifanye mjinga."

Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema mke wa dereva mwenzangu, kanisani. Nikauliza lini. Akaniangalia juu ya miwani yake ya kushonea akasema mimi ni mtu wa kushuku hata kivuli changu. Halafu akaingia chumbani, akatoka na hati ya ploti.

Ploti hiyo iko Kamulu, na ni yake kuliko yangu, maana aliinunua kwa sare za shule, kola baada ya kola, kwa miaka ambayo sitaki kuikumbuka. Ndiyo nyumba yetu ya uzeeni, ingawa bado ni majani na nguzo nne za mawe. Hatuna kingine. Nikikosea lori, hiyo imekwenda, na sisi tutalipa kodi ya nyumba Lucky Summer mpaka tuzikwe.

"Umeendesha vya watu mpaka mgongo umepinda," akasema. "Hii ni majani tu. Lori litatembea. Tuuze, tulichukue."

"Litatembea mpaka wapi?"

"Wewe ndiye dereva. Wewe ndiye unajua."

Hapo aliponigusa ndipo palipouma. Nilijua. Sababu zote nilizohesabu njiani, za bima na hospitali na ujanja wa matajiri, zilikuwa za kweli, lakini si hizo zilizonikosesha usingizi. Ile yenyewe sikumwambia. Nitaisema hapa, kwa sababu nimechoka kuibeba.

Lori la kampuni hupewa dizeli ya safari. Kampuni inapiga hesabu ya barabara, inakuwekea kiasi fulani, na ikibaki ni yake. Sisi tulihakikisha imebaki, kisha tukahakikisha haimfikii tajiri. Namna ya kuibakisha ni rahisi na kila dereva aliyepita mteremko wa Salgaa anaijua. Ukifika juu ya mteremko unatoa gia, unaweka gari free, unaliacha lishuke kwa uzito wake na kulishika kwa breki tu. Injini inakunywa kidogo sana. Breki ndizo zinazolia. Chini ya mlima, kando ya barabara, kuna mtu na mtungi wake wa kununua ile iliyobaki. Hatukuita wizi. Tulisema tunajitafutia, na mtu akijitafutia nani atamlaumu?

Kisha kulikuwa na tairi. Kampuni ikikupa tairi mpya, kuna fundi anayezitaka, na anazo zingine zilizovikwa mpira upya ambazo kwa macho ya karani zinafanana. Mafundi wa kwetu, kuanzia Lucky Summer mpaka Dandora, sikuwa namjua ambaye hatukuwahi kula pamoja. Lori lilikuwa la tajiri. Nilijua litazeeka mikononi mwake. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mtu angekuja kuniambia, haya, sasa ni lako.

Huku kwetu mtu hanunui gari bila fundi wake kulikagua. Mke wangu alisema hivyo siku ya pili, nami nikasema sawa, nitamtafuta. Siku ya nne akaniuliza yuko wapi. Nikasema ana kazi nyingi. Siku ya sita akauliza tena, nikasema amesafiri kwao kwa matanga.

"Fundi wako ana matanga mengi," akasema.

Jumamosi yake akaja na fundi wake mwenyewe. Kaka wa mteja wake mmoja, mtu wa Eastleigh, mwenye gereji nyuma ya maduka ya jumla, ambaye hakuwa amewahi kuniona wala mimi kumwona. Akanitambulisha kwake kama mume wake, basi. Tukaenda yadi sote watatu asubuhi, mke wangu na mkoba wake ameubana kwapani, hati ya ploti ikiwa ndani kana kwamba tutasaini siku hiyo hiyo.

Yule fundi alikuwa mtaratibu. Aliingia chini ya lori akakaa huko muda mrefu, nami nikasimama nikiangalia viatu vyake vilivyotokeza. Nilisikia akigonga. Akawasha injini, akasikiliza, akaizima. Akaniomba nilisogeze mbele na nyuma, nikasogeza polepole nikichagua gia kwa adabu ambayo lori lile halikuwa limeizoea. Alipomaliza alifuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia mke wangu.

"Mathe, nikuambie ukweli ama nikupake mafuta?"

"Ukweli."

"Dere wa hii gari alikuwa anashuka milima na free. Dramu za breki za nyuma zimepasuka kwa joto, zote. Giaboksi imekula meno. Hizi tairi si zenye kampuni ilinunua, hizi ni za kuvikwa, mtu alibadilisha. Injini inaweza enda mwaka mmoja, ama mwezi." Akakunja kitambaa chake. "Ningekuwa wewe ningemtafuta huyo dere nimuulize alikuwa na chuki gani na hii gari."

Mke wangu hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya vifungo, "Na ni nani amekuwa akiliendesha?"

"Wamepita wengi," nikasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Alikuwa amenifungia chakula cha safari ya lori lile miaka kumi na miwili. Alijua namba yake kuliko tarehe ya harusi yetu. Alimshukuru fundi, akampa chake, tukarudi nyumbani tukiwa tumeachana hatua tatu. Aliketi kwenye cherehani, akapitisha uzi.

"Wamepita wengi," akasema. Baadaye akasema, "Ile friji." Akashona kidogo. "Na yale makochi. Na mimi niliwaambia watu mume wangu anapata marupurupu."

Nikajitetea. Nikamwambia kila dereva anafanya, mshahara ulikuwa hautoshi, karo ilikuwa inatusubiri mlangoni kila muhula. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuonekana kunisemea mimi. Alikuwa anaisemea ile suruali ya shule aliyoishika. Nilimwonea haya mke wangu kuliko nilivyowahi kumwonea haya mtu yeyote, na kwa kuwa nilimwonea haya nilimkasirikia. Ndivyo nilivyo.

Lakini hasira ina akili zake. Kufikia Jumatatu nilikuwa na mpango.

Kuna dereva mwenzangu anayekaa mtaa wa Fedha. Ni Mkamba kama mke wangu, watu wa upande mmoja kule kwao, kwa hivyo ananiita shemeji nami namwita shemeji. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na yeye ana tabia hii ya kugonga tairi kwa kifundo cha kidole kabla ya safari na kuinamisha kichwa asikilize, kama mtu anayechagua gogo. Ni mzee wa kanisa. Jumamosi, wakati sisi tumelala, yeye huwa yadini akiliosha lori la tajiri kwa sabuni yake. Tulimcheka. Tulisema anatafuta cheo, na cheo chenyewe hakuna.

Mimi nilimshuku. Nasema kweli. Miaka yote hiyo barabarani sikuwahi kumwona amesimama kwa mtu wa mitungi hata mara moja, nami nikaamua kwamba hakuna mtu wa namna hiyo. Ama ana mtu wake wa siri, ama anauza mahali ambapo sisi hatupajui. Mwizi mjanja ni yule asiyeonekana. Hata hivyo lori lake lilikuwa linasikika vizuri. Likipanda mlima wa Mazeras na mzigo lilikuwa linavuma bila kukohoa. Nikasema, kama kuna lori la kununua katika yadi ile, ni hilo, na yeye mwenyewe hajawahi kusema kama analitaka.

Nikaenda kwa tajiri. Safari hii sikungoja kiti.

"Mzee, nimefikiria. Ile nafasi naitaka. Ila ningeomba lile lori la shemeji yangu badala ya langu."

Tajiri akaweka kalamu chini. Alicheka bila sauti, tumbo ndilo lililotikisika.

"Wewe ni wa nne," akasema. "Nikimpa dereva lori lake, analikataa, anataka la mwenzake. Wote. Mimi si mtoto, dereva. Nilikuwa nataka kujua lipi la kuuza na lipi la kukata vyuma vikuukuu, na kuita fundi akague yote ni gharama. Nikaona niwaulize nyinyi."

Nilikuwa nimemshuku mambo kumi, na la kumi na moja ndilo lililokuwa lenyewe. Kile kikombe cha chai kilikuwa ni kipimo, na sisi tukajipima wenyewe mbele yake.

"Na langu," nikauliza, "kuna aliyeliomba?"

"Yuko mmoja. Huyo huyo shemeji yako. Anasema lako ni la miaka ya karibu kuliko lake, na wewe anakujua. Mimi nitamwambia nini? Yeye ni mtu mzima, akitaka kununua atanunua."

Nilitoka pale nikiwa sijui nishike lipi. Ilikuwa rahisi sana. Nikinyamaza, yeye atachukua langu na mimi nitachukua lake. Ploti ya mke wangu ingegeuka kuwa lori zima la kutembea miaka, na shemeji angeuziwa mbuzi kwenye gunia, na wala si mimi niliyemuuzia. Nani angenilaumu? Halafu akili yangu ikageuka, kama kawaida yake. Huyu mtu kwa nini analikataa lake? Mzee wa kanisa huyu. Bila shaka lake limeoza kuliko langu na linang'aa kwa sabuni tu. Anataka kunitupia mzoga wake.

Nikamtafuta kwenye kibanda cha chakula nje ya yadi, saa saba mchana. Alikuwa anakula chapati na maharagwe. Nikaagiza, nikaketi mbele yake, nikaanza kumhoji kama askari wa barabarani.

"Nasikia unataka langu."

"Ee, shemeji. Nilitaka nikuambie mwenyewe, nisikupite. Kama unalitaka wewe, mimi nitarudi nyuma."

"Lako lina nini?"

"Halina kitu. Ni la zamani tu, na mimi naacha kazi kabisa, sitaki nianze na gari litakalozeeka kabla deni halijaisha. Nauza ng'ombe wote wa mzee kule nyumbani, na mama amekubali."

"Umeleta fundi alikague langu?"

Akacheka kidogo, akamega chapati.

"Fundi wa nini? Si wewe ndiye umeliendesha?"

Nilimwangalia usoni nikitafuta mahali pa kumshika. Nilitafuta kweli. Niliangalia macho, niliangalia mikono, nikangoja apepese. Alikuwa mtu anayekula maharagwe. Hapo nikaingiwa na hofu, kwa sababu kama huyu alikuwa mkweli, basi miaka yote ile ilikuwa inawezekana kuendesha bila kuiba.

"Usilichukue," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Free, mitungi, tairi, fundi, yote. Nilisema haraka nikiangalia sahani. Nilipomaliza akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili."

"Na tairi pia."

"Na tairi."

Aliweka kijiko. Nikangoja. Nitasema nilichokingoja, ingawa ni aibu: niliingoja zamu yake. Nilikuwa na hakika kwamba nikishafunua changu naye atafunua chake, ataniambia hata langu, shemeji, usiliguse, tucheke sote wawili na mambo yaishe. Alimaliza maharagwe yake, maana yeye si mtu wa kutupa chakula. Akanawa mikono kwa maji ya jagi la kibandani. Akamlipa mama wa kibanda sahani yake na yangu.

"Asante kwa kuniambia," akasema, akaenda zake yadini.

Hakuwa na cha kufunua. Niliketi pale na chapati yangu imepoa, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeishi kando ya mtu mwaminifu miaka kumi na miwili na nikatumia muda wote huo kutafuta mahali alipoficha wizi wake.

Kesho yake alikwenda kwa tajiri akasema atachukua lake. Alilipata, na mizigo akapewa, maana tajiri hapotezi mtu kama huyo. Langu lilikatwa palepale yadini, siku mbili, na mwenye kukata alikuwa anapiga mluzi. Sikuomba jingine. Wale madereva wengine wawili nao hawakuomba.

Bado nipo na kampuni. Lori jipya ni zuri, kiti chake kinapanda na kushuka, na ndani ya tangi kuna kifaa kinachomwambia tajiri kwa simu kila dizeli inapopungua. Mlima nashuka na gia. Watu husema nimebadilika, na mimi huwaachia waseme. Mke wangu hakuniacha, hakunitukana, hakumwambia mtu. Ile hati ya ploti aliirudisha, lakini si kwenye sanduku letu. Sijui iko wapi na sijamwuliza.

Mwezi uliopita shemeji alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada. Lori lake linafanya kazi vizuri, ila mgongo umemgomea, daktari amemkataza safari ndefu. Tulimkaribisha chai. Alizungumza na mke wangu Kikamba, wakacheka habari za kwao, nami nikawa nafikiria. Lori lile nalijua. Barabara naijua kama sebule yangu. Ningetoka kampuni kesho, ningemwendeshea yeye, si tajiri, na labda baada ya miaka michache tungeongeza la pili na moja likawa langu. Nilianza kupanga nitakavyoomba kazi hiyo, maneno gani nitangulize.

Akaweka kikombe chini, akanigeukia kwa upole wake ule ule.

"Shemeji, wewe unajua madereva wengi kuliko mimi. Nitafutie mmoja, hata kama si mzoefu sana. Bora awe mwaminifu."

Mke wangu alikuwa anakunja sare za wateja. Hakuinua macho. Nikamwambia shemeji kwamba nitauliza.